Nguzo Iliyo Ndani ya Ukuta

Programu ya barua pepe ikianza kufunguka na kujifunga yenyewe, wa kwanza kulaumiwa huwa ni programu hiyohiyo. Mtu anabofya, dirisha linatokea, barua zinaonekana kwa sekunde chache, halafu dirisha linaondoka. Anabofya tena, linaondoka tena. Ofisini watasema Outlook imekufa, na atakayeitwa kuitazama ataiondoa na kuiweka upya. Hapa Singida mjini, ninakofanya kazi ya ufundi wa kompyuta, nimekuta ofisi ambazo programu hiyo imeshaondolewa na kurudishwa zaidi ya mara moja. Kila ikirudi inatulia kidogo, watu wanashukuru, kisha tabia ni ileile. Siku hizi nikisikia maelezo ya namna hiyo, siianzii programu. Naanza na kile inachokalia.

Programu inayoendeshwa ndani ya Windows haijitoshelezi. Kuchora dirisha, kusoma diski, kuzungumza na intaneti, yote hayo Outlook inayaazima kwa mafaili ya mfumo, yale ambayo majina yake mengi huishia na .dll, na ambayo yanatumiwa pia na kikokotozi, na programu ya kuandikia, na kivinjari. Liko moja, ntdll.dll, ambalo hupakiwa ndani ya kila programu ya kawaida inayofunguliwa kwenye Windows. Faili la aina hiyo likiharibika sehemu ndogo, programu zisizoifikia sehemu hiyo zinaendelea na kazi kana kwamba hakuna jambo. Itakayoanguka ni ile inayoifikia. Na programu ya barua pepe inafika mbali: inasoma na kuandika diskini, inafungua picha zilizo ndani ya barua, inahakiki vyeti vya usalama vya seva, inaita printa, inatafuta neno katika maelfu ya barua za zamani. Inaanguka mapema kwa sababu imebeba mengi.

Hapo ndipo kazi hii ilipoanza kunifundisha kuhusu watu. Katika nyumba nyingi ninazozijua, anayeonekana kushindwa kwanza ndiye aliyebeba zaidi. Binti mkubwa anayelea wadogo zake, anayeuguza bibi, anayepanga foleni ya maji, siku akilia mbele za watu ataitwa mkorofi. Wale waliokaa pembeni hawaanguki, na kutoanguka kwao kunahesabiwa kuwa ni uimara. Mimi simwulizi tena binti kama huyo ana tatizo gani. Nauliza nyumba nzima imeegemea nini, na hicho kilichoegemewa kiko katika hali gani.

Waliokulia vijijini huku kwetu, kwa Wanyaturu, kwa Wanyiramba, na kwa jirani zetu Wagogo, wanaijua tembe: nyumba ya udongo yenye paa bapa, paa lenyewe likiwa ni udongo uliolazwa juu ya miti. Tembe ikianguka wakati wa mvua, lawama huenda kwa mvua. Ukiondoa kifusi unakuta nguzo iliyokuwa imefunikwa na ukuta, mchwa wameila misimu mingi mpaka limebaki ganda. Mvua ilikuta kazi imekwisha. Mafaili ya mfumo yaliyoharibika hukaa vivyo hivyo, yamefunikwa, hakuna anayeyafungua, na siku programu inapoanguka hakuna anayeyafikiria.

Kisa kilichonifanya niandike haya ni cha mwalimu mmoja mstaafu, katibu wa ushirika wa wakulima wa alizeti. Aliileta kompyuta yake kwa bajaji, ameizungushia kanga kuikinga na vumbi. Wanaoijua Singida wakati wa kiangazi wataelewa. Mji uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo hapa ni mkali kiasi kwamba mipango ya mitambo ya umeme wa upepo imezungumzwa miaka mingi. Upepo huo unachota vumbi na kulipeleka kila mahali, hata ndani ya feni za kompyuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia ipigwe Windows. Mimi sitaki ipigwe kitu chochote kabla hujaniambia barua zangu zitakwenda wapi."

Kupiga Windows ndiyo dawa ya mtaani kwa kila ugonjwa. Diski inafutwa, mfumo mpya unawekwa, mashine inarudi nyepesi kama imetoka dukani. Vijana wa stesheneri wanaifanya haraka na kwa bei nafuu, na siwadharau, kwa kuwa yapo matatizo ambayo dawa yake ni hiyo kweli. Ila mtu hanunui kompyuta kwa sababu ya Windows. Anainunua kwa ajili ya kile atakachoweka ndani yake. Mwalimu alikuwa na mawasiliano ya ushirika na wanunuzi wa mbegu, makubaliano ya bei, majina ya wanachama, na katikati ya hayo barua za wanafunzi wake wa zamani waliotawanyika nchi nzima. Yote yalikuwa ndani ya faili moja lenye jina linaloishia na .pst. Na faili hilo, kwa kuwa mashine yake ilikuwa imerithi mpangilio wa matoleo ya zamani ya Outlook, halikuwa katika folda ya nyaraka ambako kila mtu angelitafuta. Lilikuwa ndani ya folda iliyofichwa, AppData, ambayo mtu wa kawaida haioni akifungua diski yake. Kijana angeweza kunakili nyaraka zote kwa uaminifu kabisa, akapiga Windows, akakabidhi mashine akiwa na dhamiri safi, na barua zote zikawa zimepotea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kulitafuta faili hilo na kulinakili kwenye diski nyingine, kabla ya kugusa lingine lolote. Hatua hii inachosha kwa sababu haionyeshi matokeo. Mteja amesimama, mashine bado inaanguka, na fundi anakaa akitazama mstari wa kijani ukitambaa. Mwalimu alivuta kiti akakaa. Alisema darasani pia alikuwa anaanza kwa kuita majina.

Kisha nikafungua daftari la matukio, ambamo Windows huandika kila programu inayoanguka. Liliandika OUTLOOK.EXE, saa, jina la faili ambalo programu ilikuwa ndani yake ilipokufa, na namba 0xc0000005, ambayo maana yake ni kwamba programu ilijaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Fundi mgeni akiona jina la faili hapo anadhani amempata mhalifu. Jina hilo linaonyesha mahali programu ilipofia. Halisemi kila mara nani aliyeiua. Mara nyingi linaloandikwa ni lile ntdll.dll, ambalo lenyewe ni zima, ila kwa kuwa kila programu hupita humo, vifo vingi hutokea humo. Kabla ya kuhukumu unaondoa wengine mmoja mmoja. Nikaifungua Outlook kwa hali salama, kwa kuandika outlook.exe /safe, ambapo inafunguka bila nyongeza zake. Ikaanguka vilevile. Nyongeza zikawa zimetoka kwenye mashaka. Nikawasha programu ya kuhakiki diski. Diski yenyewe ilikuwa nzima. Nikabaki na mfumo.

Nilimwuliza Mwalimu kama kompyuta iliwahi kuzimika ghafla. Akacheka kwa sauti. Umeme ulikatika jioni moja, alisema, ikiwa inaandika kwamba inasasisha, usizime. Yeye hakuizima. Umeme ndio uliozima.

Kinachotokea hapo kinaeleweka vizuri. Windows haiandiki kila kitu diskini papo hapo. Hukishika kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha hukiandika kwa mafungu. Umeme ukikatika katikati, baadhi ya mafungu yameandikwa na mengine hayajaandikwa. Mfumo wa kupanga mafaili, NTFS, una daftari lake la ndani linaloiwezesha diski kurudi katika mpangilio, ili folda zisichanganyikane. Daftari hilo linalinda mpangilio. Yaliyomo ndani ya faili halina ahadi nayo. Kwa hiyo faili linabaki na jina lake, mahali pake, hata ukubwa wake uleule, huku ndani yake kuna kipande kisicho chake. Ukilitazama kwa nje huoni kasoro. Zipo sababu nyingine pia: diski inayokufa taratibu, kumbukumbu mbovu, virusi kutoka kwenye flashi za kuazimana, programu zinazojidai kusafisha kompyuta, na Windows za kukraki ambazo zimeshabadilishwa mafaili kabla hujaziwasha. Lakini kwa mkoa wetu, umeme unaokatika ndio ninaoukuta mara nyingi.

Dawa ya mafaili hayo imo ndani ya Windows yenyewe. Unafungua dirisha jeusi la amri ukiwa na mamlaka ya msimamizi, unaandika sfc /scannow, unasubiri. Chombo hicho kinapita kila faili la mfumo linalolindwa, kinapima alama yake na kuilinganisha na alama ya faili halali. Faili likitofautiana, linaondolewa na kuwekwa nakala safi kutoka kwenye ghala. Ghala hilo ni folda inayoitwa WinSxS, ndani ya folda ya Windows. Ndiko zinakotunzwa nakala za sehemu zote za mfumo.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi hii iliponibadilisha namna ya kutazama mambo. Kuna folda chache zinazochukiwa kama WinSxS. Mtu diski yake ikijaa, anatafuta nini kimekula nafasi, anaikuta imevimba kwa gigabaiti nyingi. Ndani kuna majina marefu yasiyosomeka, na matoleo ya faili lilelile yakiwa yamerudiwa. Anaona takataka. Wapo wanaoifuta kwa nguvu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uzito unaoonekana pale ni hesabu iliyorudiwa: faili ni moja diskini, lina majina mawili, na Windows inalihesabu huku na kule. Haili nafasi kama inavyosemwa. Na aliyeifuta huenda asione hasara siku hiyo, wala wiki hiyo. Ataiona siku faili likiharibika, atakapoandika sfc na kujibiwa kwamba uharibifu umeonekana lakini haukuweza kurekebishwa, kwa kuwa hakuna nakala safi ya kurudishia.

Ghala la namna hiyo nimelikuta hata ndani ya ukoo wetu. Nina baba wadogo wawili, upande wa Ikungi, walioacha kusalimiana kwa sababu ya ng'ombe. Wazee walikaa, wakagawa ng'ombe, wakatoza faini, wakala pamoja. Baada ya muda ugomvi ukarudi, safari hii ukiwa juu ya mpaka wa shamba. Wakakaa tena, wakaweka mpaka. Ukarudi juu ya maneno yaliyosemwa msibani. Sisi vijana tukachoka, tukaanza kusema kila mmoja ashike njia yake, watoto wao wasijuane, ukoo uanze upya. Hiyo ndiyo kupiga Windows katika ukoo, na kama ilivyo kwa kompyuta, ingefuta vitu ambavyo hakuna aliyekuwa amevitafuta kwanza.

Shangazi yetu alikuwa anaishi chumba cha nyuma. Watu walishamzoea kama sauti tu, bibi anayerudia maneno, anayechukua nafasi. Siku moja mke wa mmoja wa baba wadogo hao alikuwa anampelekea uji akamwuliza, bila ya kutegemea jibu, hawa ndugu zako wanagombania nini. Akaambiwa. Babu alipokuwa anakaribia kufa alimtaka mkubwa auze ng'ombe kadhaa ili mdogo asome, na akamwahidi kwamba atalipwa kwa kipande cha bonde. Mkubwa aliuza. Babu akafa kabla ya kumwambia mdogo. Mkubwa akaona aibu kudai, mdogo akakua akiamini kwamba kaka yake aliuza mali ya baba kwa tamaa. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anasimama juu ya jambo ambalo upande mmoja wake haukuandikwa. Shangazi alikuwepo pale kitandani. Aliyakumbuka maneno, alikumbuka ng'ombe kwa rangi zao, alikumbuka nani mwingine alikuwa mlangoni, na huyo alikuwa hai akathibitisha.

Walikaa wakasikiliza. Haikuwa rahisi, na bonde bado wanalizungumza. Lakini wanasalimiana, na mikutano ya wazee iliyohusu ng'ombe, mpaka na msiba haikufanya kilichofanywa na kumbukumbu ya mama mmoja. Kila nikiiona ile folda iliyovimba namkumbuka. Nauliza ni ofisi ngapi zimechoma mihtasari ya zamani ili kupata nafasi ya kabati, na ni familia ngapi zimemwacha mtu wa namna hiyo azikwe bila kuulizwa.

Turudi kwa kompyuta ya Mwalimu. Sfc ilijibu jibu lile baya: uharibifu umeonekana, baadhi haukurekebishika. Kukatika kwa umeme kulikuwa kumeligusa hata ghala. Hapo inaingia amri nyingine, DISM, ambayo tangu Windows 8 ya mwaka 2012 inaweza kulitengeneza ghala lenyewe kwa kuchukua sehemu safi kutoka nje. Kwa kawaida inazichukua kwenye intaneti, kwa Microsoft. Kwa mtu anayelipia bando la megabaiti hilo ni gharama ya kweli, na mtandao ukiyumba katikati kazi inakatika. Njia nyingine ni kuielekeza kwenye flashi yenye Windows kamili. Sharti lake ni kwamba Windows ya kwenye flashi ilingane na ya kwenye mashine: toleo lilelile, aina ileile, lugha ileile. Ukiipa nyingine inakataa, inaandika 0x800f081f, yaani haikuvipata vya kuchukua. Flashi ina mafaili mazima kabisa, yamejaa tele, na hayafai hata moja.

Nimeona msaada wa namna hiyo ukiletwa kwa vikundi vya wakulima: taratibu nzuri, zilizofanya kazi kwingine, zikachapwa na kugawiwa, na ndani ya msimu mmoja hakuna anayezifuata. Waliozileta walishangaa. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa za toleo jingine, za watu wenye mvua mara mbili kwa mwaka na soko mlangoni, zikaletwa kwetu wenye msimu mmoja wa mvua na zao linalosubiri lori. Anayetaka kutengeneza lazima kwanza aulize: hiki ninachokitengeneza ni toleo gani?

DISM ina tabia moja inayojulikana kwa mafundi. Inapanda vizuri, halafu inasimama, mara nyingi kwenye asilimia 62.3, ikakaa hapo bila kutikisika. Wengi huifunga wakidhani imekwama. Kwa kawaida haijakwama. Mwalimu aliuliza kama tuizime. Nikamwomba tuiache. Akatoa miwani, akaanza kunisimulia shule za zamani za Iramba, na asilimia ikaendelea peke yake. Ilipofika mwisho nikairudia sfc, kwa sababu DISM hutengeneza ghala tu, na mafaili yanayotumika yanabaki vilevile mpaka uyapitie tena. Mafundi wengi wanaisahau hatua hii ya kurudia, wanalaumu chombo. Mara hii jibu lilikuwa kwamba uharibifu umeonekana na umerekebishwa. Nikafungua Outlook. Ikakaa. Nikapitisha na faili la barua kwenye scanpst.exe, chombo cha kurekebisha mafaili ya pst, maana programu inayoanguka mara nyingi huacha faili lake na majeraha. Mwalimu akatafuta jina moja katika kisanduku cha kutafutia, barua ikatokea, akaisoma kwa sauti ya chini hadi mwisho. Sikuuliza ilikuwa ya nani.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo ya kompyuta moja. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja la masasisho ya CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayotengeneza programu za ulinzi, lilikuwa na kasoro. Programu hiyo hufanya kazi katika tabaka la chini kabisa la Windows. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Ndege zilibaki uwanjani, hospitali ziliahirisha huduma, benki zilisimama. Abiria waliokuwa wamepanga foleni walimkasirikia dada wa kaunta aliyekuwa mbele yao. Na marekebisho, kwa sehemu kubwa, yalikuwa ya mkono: fundi anakwenda kwenye mashine, anaiwasha kwa hali salama, analifuta faili hilo moja, anahamia mashine inayofuata. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, kusini huko karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Hapa mjini watu walizima simu na kuziwasha, wakabadilisha laini, wakagombana na wauza vocha. Singida iko mbali na bahari. Nani angefikiria kwamba barua yake imekwama kwa sababu ya waya ulio chini ya maji, pwani ambayo hajawahi kuiona?

Hasira yetu huenda kwa kilicho karibu na kinachoonekana. Nadhani hiyo ni hali ya binadamu na sijui kama inaondoka kabisa. Kinachowezekana ni kuichelewesha. Nimewawekea vijana wanaojifunza kwangu utaratibu: kabla hujaondoa chochote, nakili, kabla hujalaumu, soma daftari, na kabla hujasema imeshindikana, uliza ghala liko katika hali gani. Mmoja wao aliniambia, "Kaka, mteja hana subira ya yote hayo." Ni kweli. Kuna wateja wameondoka mlangoni kwangu wakaenda kupigiwa Windows mtaa wa pili, na wengi wao hawakupoteza kitu. Mimi nawafikiria wale wachache waliopoteza, ambao pengine hawajui hata leo walichopoteza, kwa kuwa faili lililofichwa likifutwa halimwambii mtu kwaheri.

Mwalimu aliniita baadaye nikaeleze mbele ya kamati ya ushirika. Nilibeba mapendekezo mawili. La kwanza ni UPS, betri inayoishika kompyuta hai kwa dakika za kutosha kuizima kwa heshima umeme ukikatika. La pili ni diski ya nje, ambamo faili la barua na orodha ya wanachama vitanakiliwa kila mwisho wa mwezi, na ambayo itakaa nyumbani kwa mwanakamati, mbali na ofisi. Niliwaambia pia kwamba Microsoft ilitangaza 14 Oktoba 2025 kuwa siku ya kumaliza matunzo ya kawaida ya Windows 10, ambayo ndiyo waliyo nayo, na kwamba suala la mashine mpya lisiachwe mpaka hii ianguke.

UPS waliikubali bila ubishi; kila mtu aliyekuwepo anajua giza la ghafla. Diski ya nje ilikataliwa. Mzee mmoja alisema hawezi kununua kitu cha kuwekea kitu ambacho tayari kipo, na wengi waliitikia. Mwalimu alisimama kunitetea, lakini fedha za msimu zilikuwa zimeshapangwa, sehemu kubwa kwa mbegu na magunia, na sikuona kwamba walikosa akili kwa kuzitanguliza mbegu. Kwa sasa nakala ya barua zao iko kwenye diski ile ya karakana yangu, kwa ruhusa ya Mwalimu na kwa maandishi. Hapo si mahali pake. Mkutano unaofuata utafanyika baada ya mavuno, na nimeomba niwekwe kwenye ajenda.